Mama Ndoo na Kona ya Tope

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Mama Ndoo kilikuwa shati lake. Mkono wa kushoto wa shati ulikuwa mkavu, umepigwa pasi, mstari wake umesimama sawasawa. Mkono wa kulia ulikuwa umelowa hadi begani, umenata kwenye ngozi, na ulidondosha maji sakafuni kila alipopiga hatua. Nilidhani amepatwa na ajali asubuhi ile. Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa vilevile, mpaka nikaelewa kwamba hiyo ndiyo sare yake. Mkono unaosafisha matangi ya samaki haupati nafasi ya kukauka.

Alikuwa mtunza matangi katika jumba la samaki ambalo mimi niliajiriwa kuandika vibao vya maelezo. Mwanamke mfupi, mwenye viatu vya mpira vilivyozibwa kiraka kisiginoni, na sauti ya chini ya mtu anayeona kupaza sauti ni kazi nyingine ya ziada. Jina la Mama Ndoo alipewa na fundi wa mitambo, ambaye naye kila mtu alimwita Pampu. Ukimtafuta Mama Ndoo ungemkuta amebeba ndoo, au ameigeuza ndoo akaikalia, au anazunguka akiulizia ndoo ambayo mtu ameichukua bila kusema.

"Nina majina mengine," aliniambia siku niliyomuuliza. "Ila hayo ni ya nyumbani, na nikifika huko nakuwa nimechoka hata kuitika."

Uchovu wake haukuwa wa siku moja. Ulikuwa umekaa mwilini mwake kama mpangaji wa zamani ambaye habishi tena hodi. Alipoinama alitoa pumzi, alipoinuka alishika kiuno, na kati ya kuinama na kuinuka alikuwa akitazama ukuta tu. "Mgongo huu ni redio, mwanangu," alisema. "Asubuhi unatoa taarifa ya habari, jioni unarudia muhtasari." Mwisho wa mwaka angestaafu. Daktari alikuwa amesema hivyo, mume wake alikuwa amesema hivyo, na mgongo ulikuwa umesema kabla yao wote.

Ukumbi mkubwa wa jumba lile ulikuwa na tangi moja refu lililokwenda kutoka mlangoni hadi ukuta wa mwisho. Tangu Mama Ndoo aanze kazi, ndani yake mlikuwa na kasri la plastiki, meli ya plastiki iliyozama, changarawe ya buluu, na samaki wa rangi za pipi waliotoka nchi za mbali. Kila asubuhi, kabla milango haijafunguliwa, yeye alifuta mwani kwenye vioo, akanyonya kinyesi cha samaki kwa bomba la mpira, kisha akachukua reki ya plastiki yenye mpini mrefu na kuisawazisha changarawe mpaka ikawa kama kitanda kilichotandikwa. Wageni walikuja, wakaona kitanda kizuri, wakaondoka. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza nani amekitandika.

Kisha uongozi ukaamua kwamba ukumbi ule ufanyiwe ukarabati, ili wageni wajifunze kuhusu samaki wa maji yetu wenyewe na makazi yao. Changarawe ya buluu ilitolewa kwa magunia. Meli ilivunjika njiani. Kasri lilichukuliwa na mlinzi wa getini, akasema kuku wake wamekaa kwenye banda la mabati vya kutosha. Badala yake tangi lingeonyesha mto, kuanzia kwenye mawe na maji ya kasi huko unakoanzia, kupita sehemu ya kati yenye kina, hadi pale unapotulia.

Pale unapotulia palikuwa ni wazo la Mama Ndoo. Katika kikao cha mipango, mkurugenzi, bwana mwembamba aliyetembea na shada la funguo likilia kiunoni, aliuliza kwa adabu kama kuna mwenye neno. Watu waliangalia vikombe vyao vya chai. Mama Ndoo akasema, "Mto wa picha unaishia kwenye mawe. Mto wa kweli unaishia kwenye tope. Samaki wetu wengi wako huko."

Akaeleza kwamba nyuma ya jiko la kwao palikuwa na kijito cha maji ya kahawia, chenye mizizi na matete, na perege walikuwa wakilea watoto wao pembeni, mahali ambapo mtoto wa binadamu angeweza kuwahesabu kama asingepiga chafya. Kijito kile sasa kimefukiwa, na juu yake ipo karakana ya mabasi.

"Wajukuu zangu wanadhani samaki anazaliwa kwenye friji," alimalizia.

Watu walicheka, mkurugenzi naye akacheka, na kona ya kinamasi ikaingizwa kwenye mchoro. Nilikuwa nimekaa karibu yake. Nilimwona akishusha mabega, kama mtu aliyetua mzigo ambao hakujua kuwa anao. Baadaye, tukikusanya vikombe, aliniambia kwa sauti ile ya chini, "Nimeosha hapa maisha yangu yote. Nataka nikiondoka niwe nimeacha kitu ambacho si usafi tu."

Kuijenga kona ile ilikuwa kazi ya kuchosha kuliko zote. Mchanga laini ulichotwa mtoni ukaoshwa, ukaoshwa tena. Mizizi ililowekwa ikaelea, ikafungiwa mawe, ikaelea na mawe yake. Majani makavu yaliyochemshwa yaliyapa maji rangi ya chai ya rangi, na ndivyo ilivyotakiwa. Mimi niliandika kibao: "Maji haya hayajachafuka. Rangi yake inatokana na majani, kama ilivyo katika vinamasi vyetu." Jumamosi, siku ambayo upande mmoja wa ukumbi uliachwa wazi kwa wageni, mama mmoja alikisoma kibao chote kwa sauti, akamgeukia Mama Ndoo.

"Sasa dada, mkishamaliza kuandika, mtayabadilisha lini?"

"Yakishakuwa machafu," Mama Ndoo akajibu.

Mkurugenzi naye hakuridhika. Alisimama mbele ya kona, akagonga kioo kwa ufunguo, hakuna kitu kilichojitokeza ila jani moja likageuka upande. Jozi ya perege walioletwa walikuwa wamejificha nyuma ya mizizi, kama wageni waliofikia nyumba yenye ugomvi.

"Mama, mimi nakuheshimu," alisema. "Lakini hapa pananikumbusha mtaro. Sisi ni jumba la samaki, si jumba la tope. Siku ya ufunguzi watu wakikuta hakuna cha kutazama, naondoa haya majani na kurudisha samaki wa rangi. Bado ninao kwenye mapipa huko nyuma, wanakula bure."

"Wape muda, bosi. Hawajajua kama ni kwao."

"Muda wao ni huohuo wetu."

Kuanzia siku ile Mama Ndoo aliwahi kuliko mlinzi. Na samaki, polepole, wakaanza kuamini. Dume akabadilika rangi, akawa mweusi tumboni na mwekundu kwenye kingo za mapezi. Akachagua mahali karibu na mzizi mnene, akaanza kuchimba. Alijaza mchanga mdomoni, akaogelea kando, akautema, akarudi. Wapita njia wasingeona zaidi ya samaki anayekula uchafu, lakini Mama Ndoo alinivuta mkono na kunieleza kuwa lile shimo ndilo posa yake. Likiwa duara na safi, jike atashuka kutaga, kisha atayaokota mayai yote mdomoni na kuyalea humohumo mpaka watoke watoto wanaoweza kuogelea. "Ndoa nyingine zinaanza kwa seti ya sofa," alisema. "Hii inaanza kwa shimo."

Jike alikuwa amejaa tumbo. Alianza kulizungukia shimo, akiondoka na kurudi. Mama Ndoo alisema bado kidogo tu.

Wiki iliyofuata mume wake alishikwa na homa. Mama Ndoo alimkanda usiku kucha kwa kitambaa, akambadilishia shuka, asubuhi akaja kazini macho yakiwa yamemvimba. Alichukua mpira, kitambaa na reki. Akaanza kwenye mawe, akafuta kioo, akanyonya uchafu, akasawazisha. Akasogea sehemu ya kati, akafanya vilevile. Alipofika konani mikono ikaendelea na safari yake. Alilitandika lile tope kama alivyotandika changarawe ya buluu miaka yote, ukingo hadi ukingo, bila tundu, bila mkunjo. Kisha akaenda kunywa chai.

Kikombe kilikuwa kimefika mdomoni alipokumbuka. Alikirudisha mezani taratibu, hakumwaga hata tone. Nilimfuata hadi ukumbini. Mchanga ulikuwa tambarare kama uwanja. Dume alikuwa amepauka, kijivu kitupu, amejibana kwenye pembe ya kioo akihema. Jike hakuonekana. Mama Ndoo aliweka kiganja kwenye kioo, akakiondoa haraka, kana kwamba na hicho kingeharibu kitu.

"Nimewafukia," alisema.

Siku mbili tatu samaki wale hawakula wala kujitokeza. Mkurugenzi alipopita akaona kona imekufa, alitafuta sababu, akaipata kwa Pampu, kwa kuwa Pampu alikuwa amebadilisha mtambo wa kupasha maji siku za karibuni. Alimwambia mbele yetu kwamba kama hawezi kutofautisha maji ya vuguvugu na maji ya barafu, getini kuna nafasi ya kumsaidia mlinzi kufungua na kufunga, kazi ambayo haina vipimo. Pampu, ambaye kwa kawaida alikuwa na jibu la kila neno, aliangalia viatu vyake.

Mama Ndoo alikuwa anakamua kitambaa. Aliendelea kukikamua hata maji yalipokwisha.

"Maji hayana tatizo, bosi," akasema. "Ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Nimesawazisha mchanga. Walikuwa na shimo la kutagia, nimelifuta na reki."

Mkurugenzi alimtazama, akaitazama kona, akamtazama tena. "Wewe mwenyewe uliyeiomba hii kona, ndiye uliyeifukia?"

"Mikono ilitangulia. Mimi nilikuwa bado nyumbani."

Sidhani kama alikasirika. Alionekana kuchoka, nadhani hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona akifanana na sisi. Alisema tarehe ya ufunguzi haisogei, barua za shule zimeshatumwa, na mapipa yako palepale. Akaondoka, funguo zikilia hadi mwisho wa korido.

"Ungenyamaza tu, mama," Pampu akasema. "Mimi lawama zinanikaa vizuri, kama kofia."

"Hiyo kofia haikuwa saizi yako." Akamwekea reki mkononi, na mpira wa kunyonyea juu yake. "Nifichie hivi. Nikija kuviomba usinipe, hata nikilia."

"Ukilia nitakuletea ndoo."

Basi kazi mpya ya Mama Ndoo katika kona ile ikawa kutofanya kazi. Ilimchosha kuliko ile ya zamani. Aliigeuza ndoo mbele ya kioo akakaa, mikono ameibana katikati ya magoti. Mwani ukaota kwenye kioo, ukoga wa kijani ukapanda juu ya mawe, majani yakaoza kingoni yakabaki mishipa mitupu. Kila kitu alichokipiga vita tangu ujana kilijitokeza mbele yake kikajistarehesha. Mara nyingine nilimwona akinyoosha kidole kuelekea doa, kisha akakirudisha. Hapo ndipo nilipogundua kwamba mkono wa kulia wa shati lake ulikuwa mkavu. Ulikuwa na rangi tofauti na ule wa kushoto, umepauka kwa miaka ya maji, kama umetoka kwenye shati la mtu mwingine.

"Nyumbani nako?" nilimuuliza. "Unaosha?"

"Nyumbani naosha mpaka visivyotaka. Mzee amenikataza kugusa redio yake."

Mzee huyo, mume wake, alipopata nafuu alianza kuja jioni kumpokea, kwa sababu ngazi za kituo cha basi zilikuwa zinamuumiza mkewe mgongo. Alikuwa makanika mstaafu, mtu mpana, mcheshi, mwenye vidole ambavyo grisi imekataa kutoka. Alifanya kazi maisha yake yote katika ileile karakana iliyojengwa juu ya kijito cha akina Mama Ndoo. Alivuta ndoo nyingine akakaa kando yake.

"Kwa hiyo huyu ndiye mwenzangu," alisema akitazama kioo. "Huyu anayeninyima mke."

"Nyamaza, baba. Wanasikia."

"Wananisikia mimi? Nimelala chini ya mabasi juu ya vichwa vya babu zao, hawajawahi kulalamika." Akasugua grisi ya kidole. "Kuna shimo la ukaguzi pale karakana, kila mvua ikinyesha lilikuwa linajaa maji ya kahawia. Tulikuwa tunayapampu tukitukana. Kumbe mto wenu ulikuwa unarudi kuulizia kwao."

Mama Ndoo alikuwa amesinzia, kichwa kimeegemea bega la mumewe, mdomo wazi kidogo. Nami nilikuwa najiandaa kufunga madirisha. Dume, ambaye siku zile alikuwa amerudisha rangi yake na kuchimba upya, chini zaidi ya mzizi mahali ambapo reki yoyote isingefika, alikuwa anazunguka shimo lake. Mzee alisogeza uso karibu na kioo.

"Samahani, mwalimu," aliniita, kwa kuwa kwake yeye mwandishi wa vibao alikuwa mwalimu. "Huyu mwingine mbona amefura mashavu? Kama mtu mwenye jino bovu."

Nilimgusa Mama Ndoo begani, kidogo tu.

Alifumbua macho, akatazama. Jike alikuwa ametulia kati ya matete, mbali na chakula kilichokuwa kinaelea juu yake, koo limejaa, taya likitikisika polepole kama mtu anayeviringisha peremende mdomoni ili isiishe. Mama Ndoo alisimama bila kushika kiuno.

"Si jino, baba," alisema. "Amebeba."

Pampu aliletwa akaona. Mlinzi aliletwa akaona. Mkurugenzi aliletwa kesho yake, akainama, akauliza kama samaki anaumwa, na alipoelezwa akainama tena, safari hii kwa muda mrefu zaidi, ameshika funguo zisilie. Lakini naye alikuwa na mambo yake. Ufunguzi ulikuwa umekaribia, na spika kubwa za hotuba zilikuwa zimeshapangwa ukumbini, moja ikiwa mgongoni mwa kona.

"Zikipigwa hapa atayameza," Mama Ndoo akasema. "Au atayatema. Akishtuka anafanya mojawapo."

"Mama, nina wageni rasmi. Niwahutubie kwa ishara?"

"Wahutubie uani. Kuna hewa."

Alifikiri, akitazama dari. "Sawa. Spika ziende uani. Watoto wataingia kwa makundi madogo, na atakayegonga kioo namtoa mimi mwenyewe. Vifaranga wakitoka, kona inabaki ilivyo, na hata nikibadilisha vyote vingine hii siigusi. Wakipotea, mapipa yanafunguliwa. Sina namna nyingine."

"Nimesikia, bosi."

"Watatoka lini?"

"Atakapofungua mdomo."

Ninaandika haya asubuhi ya ufunguzi. Uani wanajaribu kipaza sauti, na huku ndani kinasikika kama mtu anayekohoa nyumba ya pili. Foleni ya wanafunzi imefika getini. Mlinzi anawaonyesha kwa mbali banda la kuku wake lenye minara. Taa za ukumbi zimepunguzwa. Pampu amesimama kwenye swichi kama askari, na mzee amevaa koti, amekalia ndoo ile ya pili, amebeba viatu vya mkewe mapajani kwa sababu mkewe amesema viatu vya mpira vinapiga kelele.

Mama Ndoo yuko mbele ya kioo, miguu mitupu. Macho yake ni mekundu. Mgongo wake, anasema, leo umekosa mtangazaji. Tangu kulipopambazuka jike ametoka kwenye matete akasogea kwenye maji ya kina kifupi, pale mchanga unapopata mwanga. Amemfukuza dume. Amezunguka mahali pamoja, amesimama, amezunguka tena. Kwa Mama Ndoo hiyo ni dalili. Taya lake linakwenda haraka kuliko jana, na kupitia ule uwazi mdogo wa mdomo, ukitazama bila kupumua, utaona nukta nyeusi zinasogea. Yale ni macho.

Mlango unafunguliwa na kundi la kwanza linaingia kwa vidole vya miguu, mwalimu wao ameweka kidole mdomoni.

"Bado?" Pampu ananong'ona.

"Bado," anasema Mama Ndoo, na anawasogezea watoto nafasi kando yake bila kugeuka.